Mkono Unakumbuka, Miguu Imesahau: Jinsi ya Kurudi Kwenye Mashindano ya Tenisi Ukiwa na Miaka Hamsini

Julai 2022 nilikuwa sebuleni kwangu Migosi, Kisumu, nachagua mchele, binti yangu aliponisogezea simu usoni. "Mama, hebu tazama." Angella Okutoyi alikuwa ameshinda Wimbledon ya wasichana, upande wa wachezaji wawili wawili, akicheza na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika yale mashindano manne makuu ya tenisi duniani. Nilirudia kile kipande cha video mara nne. Mara ya nne nikaona kiganja changu cha kulia kimejikunja juu ya ungo, kidole gumba kimelala ubavuni, kama kimeshika mpini.

Nilicheza tenisi chuo kikuu kati ya 1992 na 1996. Miaka mitatu ya mwisho nilikuwa namba moja wa timu ya wanawake, yule anayepangiwa mchezaji bora wa chuo kingine kila mnapokutana. Kisha nikaajiriwa kupima ardhi, nikaolewa, nikazaa watatu, na raketi ikapanda juu ya kabati. Ikakaa huko miaka ishirini na sita.

Naandika haya kwa ajili yako uliyewahi kutegemewa na chuo chako, sasa una arobaini na kitu au hamsini na kitu, na moyo umeanza kukusumbua. Anayeanza tenisi ukubwani ana njia yake, maana hana la kukumbuka. Wewe unalo, na hilo ndilo litakalokuumiza usipojipanga.

Jiwe ambalo hakuna aliyelirusha

Nilirudi kortini Agosti ya mwaka ule ule. Mipira kumi ya kwanza niliipoteza. Wa kumi na moja ulitoka katikati ya nyuzi, na kwa ule mlio wake nikajua mkono haujasahau kitu. Mpigo wangu wa nyuma, ule wa mkono mmoja, nilikuta uko pale pale nilipouacha. Wiki ya pili nilikuwa nacheza gemu na vijana wa kidato cha nne.

Wiki ya tatu, Jumamosi asubuhi, kijana mmoja akaniangushia mpira mfupi karibu na wavu. Kichwa kikaniambia: huo unauwahi. Mwaka 1995 ningeuwahi na pumzi ingebaki. Nikajisukuma kwa mguu wa kushoto, na papo hapo nikahisi jiwe limenipiga kwenye shavu la mguu, kwa nyuma. Nikageuka nimwone aliyelirusha. Kocha, kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, alikuwa amekwisha kuweka kapu la mipira chini. Akaniambia taratibu, "Mama, nyuma yako hakuna mtu. Kaa chini."

Msuli ulikuwa umechanika upande wa ndani wa shavu la mguu. Mtaalamu wa viungo alinieleza kwamba jeraha hili huwapata sana watu wa miaka arobaini na hamsini wanaorudi kwenye mchezo huu, hata limepewa jina la mchezo wenyewe. Kichwa kina kumbukumbu ya mguu wa miaka ishirini na mbili, kinatoa amri kwa mguu huo, lakini mguu unaopokea amri ni wa miaka hamsini. Nikakaa nje wiki nane. Katika wiki hizo ndipo nilipoandika kwenye daftari langu la kazi, lile la vipimo vya mashamba, mpango ninaokupa hapa.

Miguu, wiki kumi na mbili

Kabla ya lolote, nenda ukapimwe presha na sukari. Kama kwenu kuna aliyekufa ghafla au aliyewahi kupata ugonjwa wa moyo, mwombe daktari akupime moyo kwa mashine kabla hujakimbilia mpira hata mmoja. Tenisi si mwendo mmoja kama kutembea. Unalala, unaruka, unalala, unaruka, kwa saa mbili, na moyo unapanda na kushuka pamoja nawe. Nenda, kisha urudi tuendelee.

Wiki nne za kwanza usiguse raketi. Tembea dakika arobaini mara nne kwa wiki, na siku moja kati ya hizo tafuta mlima. Mimi napanda Riat. Mji wetu ni tambarare, na miguu ya tambarare hudanganya. Pima nguvu ya mwendo kwa mdomo: ukiweza kuzungumza sentensi nzima na mwenzako bila kukatiza, uko sawa; ukibaki na neno moja moja, punguza.

Kila siku, asubuhi na jioni, simama kwenye ngazi ya chini kabisa ya nyumba, visigino vikining'inia nje. Shika ukuta. Inuka kwa vidole vya miguu yote miwili, kisha hamishia uzito kwenye mguu mmoja na ushuke pole pole huku ukihesabu hadi nne, mpaka kisigino kiwe chini kuliko ngazi. Kumi na tano kwa kila mguu, mara tatu. Kule kushuka ndiko kwenye kazi. Watu huinuka vizuri wakajiachia wakati wa kushuka, na hapo hawajafanya chochote. Misuli itakujibu baada ya wiki tatu, utajisikia una nguvu, nawe utatamani kukimbia. Subiri. Kano ya kisigino hupata damu kidogo na hukomaa polepole, inahitaji miezi. Msuli wenye nguvu ukivuta kano ambayo haijawa tayari, utarudi hospitali kwa jeraha kubwa kuliko langu.

Siku utakapoweza kuinuka kwa mguu mmoja, bila kushika ukuta, mara ishirini na tano mfululizo kila upande, ndiyo siku ya kucheza gemu. Kwangu kipimo hiki hakina mjadala. Mimi nilikifikia wiki ya kumi na moja, mguu wa kushoto ukiwa wa mwisho.

Kuanzia wiki ya tano ingia kortini bila mpira. Piga hatua za pembeni kutoka mstari mmoja wa pembeni hadi mwingine, magoti yakiwa yamekunjwa, macho mbele. Korti ya mchezaji mmoja ina upana wa mita 8.23, kwenda na kurudi mara sita, pumzika dakika moja, rudia mara tano. Wiki ya tisa anza kukimbia kwa kasi mita tano tu na kusimama. Kusimama ndiko kunakovunja watu, kwa hiyo jifunze kusimama kwa hatua tatu ndogo za haraka badala ya kukanyaga mara moja kwa kishindo.

Dada zangu, niseme nanyi kidogo pembeni. Hedhi inapokoma mifupa hupoteza uimara haraka kuliko awali, na joto la ghafla la mwili hukupata hata katikati ya pointi. Mazoezi ya kubeba uzito husaidia mifupa, kwa hiyo beba. Mimi huchuchumaa na kusimama nikiwa nimekumbatia debe la maji la lita kumi. Na lile joto likinishika nikiwa nasevu, yaani napiga mpira wa kuanzisha pointi, nasimama, navuta pumzi, najifuta kwa kitambaa kilicholowa, kisha naendelea. Kanuni za mchezo zinakupa sekunde 25 kati ya pointi na pointi. Zitumie zote, ni haki yako.

Bega na idadi ya sevu

Chuoni tulipiga sevu mia moja kabla ya chai. Leo zinahesabiwa kama dawa. Chukua tyubu kuukuu ya baiskeli, ikate upate kipande kirefu kama mkono wako, ifunge kwenye komeo la mlango usawa wa kiwiko. Weka taulo iliyokunjwa kati ya kiwiko na mbavu ili kiwiko kisiondoke. Vuta tyubu kuelekea nje, rudisha polepole. Kumi na tano, mara mbili, kila siku. Misuli midogo inayoshikilia bega huimarika hivyo, nayo ndiyo hupasuka ukianza kwa fujo.

Ukishaanza kusevu, wiki ya kwanza sevu ishirini kwa siku, siku mbili kwa wiki. Ongeza kumi kila wiki mpaka sitini, na hapo simama. Bega likiuma usiku ukilalia upande huo, rudi nyuma wiki mbili. Yale maumivu ya usiku ndiyo ya kuyaogopa. Uchovu wa mchana ni kitu kingine.

Viatu kabla ya raketi

Raba za kukimbia hazifai. Soli yake ni nene na laini, imetengenezwa kwa kwenda mbele, na ukikata kona kifundo kinapinduka. Kiatu cha tenisi ni kifupi, kigumu ubavuni, na kwa korti ya udongo soli yake ina mistari ya kupindapinda mithili ya mawimbi. Jumapili pale soko la Kibuye, Kisumu, utaviona kwenye mitumba, vingine havijavaliwa mara kumi. Kikunje kiatu mbele ya muuzaji na utazame gundi inaposhikana soli na ngozi. Kikitoa sauti ya kukatika au ukaona mwanya, kirudishe kwa heshima. Joto letu litakimaliza siku ya pili.

Raketi yangu ya chuo ilikuwa na uzito wa karibu gramu 350 na uso wa inchi za mraba 90. Niliipenda kama mtu. Nimeitundika ukutani. Ninayotumia sasa ina gramu 295 na inchi za mraba 100, na inanisamehe ninapochelewa. Ukiona uchungu kuachana na ya zamani, angalau ibadilishe nyuzi, maana nyuzi hulegea hata zikikaa bila kutumika. Usikubali kufungiwa nyuzi za poliesta kwa sababu tu vijana wote wanazo. Ni ngumu, zinapeleka mtikisiko wote kwenye kiwiko. Omba nyuzi laini, zenye nyuzinyuzi nyingi ndani yake, zikazwe ratili 52 hivi. Kiwiko chako kitakushukuru kufikia mwezi wa tatu.

Korti utapata. Kisumu tuna Nyanza Club kando ya ziwa, Nakuru wana Rift Valley Sports Club, na miji mingi ya upande huu ina klabu iliyobaki tangu enzi za ukoloni ambako mgeni anaweza kucheza akialikwa na mwanachama. Zaidi ya klabu, utafute watu watatu: kijana wa kukurushia mipira, mtu wa rika lako, na mzee mmoja wa miaka sitini au sabini. Usimkose huyo mzee. Wangu ana miaka sabini na moja, hakimbii hata hatua nne, na alinifunga mwezi mzima kabla sijaelewa anafanya nini.

Alichokuwa akifanya mzee

Alikuwa akicheza mshazari. Basi.

Nilipoelewa nilichukua utepe wangu wa kazi nikapima mwenyewe. Korti ina urefu wa mita 23.77. Ukipima kutoka kona moja ya mchezaji mmoja hadi kona ya mshazari upande wa pili, unapata mita 25.15. Umejiongezea karibu mita moja na nusu ya mahali pa kutua mpira, bila kutumia nguvu. Na wavu una kimo cha sentimita 91.4 katikati, lakini unapanda hadi sentimita 107 kwenye nguzo. Anayepiga mshazari anavusha mpira pale wavu ulipo chini. Anayepiga moja kwa moja kufuata mstari wa pembeni anavusha pale ulipo juu, kwenda mahali palipo pafupi. Chuoni nilikuwa nafuata mstari kila nilipopata nafasi, kwa sababu nilikuwa na kasi ya kurudi kati mpira ukirudishwa. Sasa sina kasi hiyo. Ukipiga mshazari, hata njia ya kurudi mahali pako inakuwa fupi.

Kwa hiyo mazoezi ni haya: wewe na mwenzako, mshazari kwa mpigo wa mbele, hesabuni mipira hadi ishirini bila kukosea, kisha mshazari kwa mpigo wa nyuma. Mkikosea, anzeni moja. Kocha wangu aliniwekea ndoo mita moja ndani ya mstari wa nyuma akasema, "Mama, nilengee hii tu. Usiangalie mstari." Niliilenga miezi miwili.

Na kuukimbilia wavu baada ya sevu, mtindo ulionipa jina chuoni, sikuuacha. Niliupunguza. Naufanya mara moja katika gemu, nikiwa mbele kwa pointi, ili mpinzani asijue lini nakuja. Hii ndiyo sehemu inayonifurahisha kuliko zote: akili niliyoipata uwanjani ujanani bado ni mali yangu, ila nalipia kwa hatua chache zaidi.

Mpira wa Kisumu na mpira wa Nakuru

Hapa naomba uvumilivu, maana mimi ni mpima ardhi na mwinuko ni kazi yangu ya kila siku. Wanaotoka huku ziwani kwenda kushindana Nakuru, Eldoret au Kericho hupotezea hapa mechi ambazo ni zao.

Kisumu tuko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Nakuru ni karibu mita 1,850. Mpira wa tenisi wa kawaida umefungiwa hewa ndani. Unapoupandisha juu, hewa ya nje inakuwa nyepesi, ya ndani inaushinda ukuta wa mpira kwa nguvu zaidi, na mpira unakuwa mgumu, unaruka juu kuliko ulivyozoea. Tena hewa nyepesi haiuzuii mpira ukiwa angani, kwa hiyo unaenda mbali kabla ya kushuka. Hata ule mzunguko unaoutia ili mpira ushuke haraka haushiki sana. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka mpaka: kuanzia juu ya mita 1,219, kanuni zinaruhusu mipira maalumu ya nyanda za juu. Sisi wa Kisumu tuko chini ya mpaka huo kwa mita tisini hivi, na Nakuru iko juu yake kwa zaidi ya mita mia sita. Kwenye mashindano ya klabu, hata hivyo, mara nyingi utakuta mikebe ya mipira ya kawaida tu.

Mashindano yangu ya kwanza yalikuwa Nakuru, Agosti 2023, ya wakongwe wa klabu. Nilipanda matatu Ijumaa mchana kupitia Kericho, nikafika jioni, nikalala, nikaingia kortini Jumamosi saa tatu asubuhi dhidi ya dada mmoja wa Eldoret, muuguzi, rika langu. Gemu tatu za kwanza kila mpigo wangu mzuri ulitua kiganja kimoja nje ya mstari. Ilikuwa korti ya udongo, kwa hiyo kila kosa liliacha alama yake, na alama zangu zilikuwa zimepangana nyuma ya mstari wake kama miche. Seti ya kwanza, yaani ya kuwania gemu sita, nilipoteza 6–1.

Wakati wa kubadilishana pande nilikaa chini nikazitazama zile alama, na ndipo nikakumbuka kazi yangu. Tofauti ya mita mia saba! Nikafanya mambo matatu. Nilifupisha mvuto wa raketi nyuma. Nililenga mita mbili ndani ya mstari wa nyuma badala ya moja. Na wakati wa kupokea nilirudi nyuma hatua moja, mpira ushuke hadi kiunoni badala ya kunipanda begani. Seti ya pili nilishinda 6–4.

Wewe usingoje seti ya pili. Fika siku moja kabla ya kucheza na upige mipira saa nzima kwenye korti za huko, hata na ukuta. Ukiweza, kaza nyuzi ratili mbili zaidi kwa safari ya juu: mimi naenda na 54. Ukitoka Nakuru kuja kucheza kwetu, geuza kila kitu: mpira utakuchelewesha, utahisi mzito, na mingi itaishia wavuni. Inua zaidi, piga mpaka mwisho.

Na joto. Kisumu tunacheza kuanzia saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kufikia saa tatu na nusu tumemaliza. Mchana upepo wa ziwa unaingia, jioni mvua inaweza kukukuta katikati ya seti, na ukicheza chini ya taa siku ya wadudu wa ziwani utawameza kama chakula. Chupa yangu ina lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, kile kile tunachowapa watoto wanaoharisha. Asubuhi ya mechi nakunywa uji wa wimbi na ndizi mbili, saa mbili kabla. Ugali na samaki ni baadaye.

Kujiandikisha na kucheza bila refa

Anza na mashindano ya wakongwe ya klabu za karibu. Yakikukolea, fahamu kwamba Shirikisho la Kimataifa lina mzunguko mzima wa wakongwe, wenye makundi kuanzia miaka 30 na kupanda kila baada ya miaka mitano hadi 90. Unajiandikisha kwa intaneti, unapata namba yako ya uchezaji, unatafuta mashindano. Usifikiri umechelewa. Mzee Leonid Stanislavskyi wa Ukraine alicheza mashindano ya dunia ya wakongwe huko Mallorca, Hispania, mwaka 2021 akiwa na miaka 97. Kimiko Date wa Japani aliacha tenisi ya kulipwa 1996, akarudi 2008, na mwaka 2009 akashinda taji huko Seoul siku moja kabla ya kutimiza miaka 39. Mimi na wewe hatulingani nao, lakini kalenda yetu ni moja.

Kitu kimoja kitakachokushangaza ni kwamba mechi nyingi za wakongwe hazina refa. Kila mtu anaamua mipira ya upande wake. Anayesevu anataja pointi kwa sauti kabla ya kila sevu; fanya hivyo, ugomvi mwingi huzaliwa na pointi zisizotajwa. Mpira ukigusa mstari hata kwa unywele uko ndani. Ukiwa na shaka, mpira ni wa mpinzani. Chuoni tulikuwa na walimu wa kutuamulia, na nakiri nilibishana nao sana. Huku huna wa kubishana naye ila nafsi yako.

Mara nyingi seti ya tatu haichezwi nzima. Mnacheza pointi kumi, na mshindi sharti aongoze kwa mbili. Fanya mazoezi ya kipande hicho peke yake, kwa sababu hakina muda wa kujirekebisha. Amua mapema sevu yako ya kwanza itaenda wapi.

Kule Nakuru tulifika 7–7. Nikapiga mpira mrefu mshazari, nami mwenyewe nikauona umetoka. Nikaanza kutembea. Yule dada akainama, akautazama udongo, akasogeza chembe kwa ncha ya raketi, kisha akaniinulia mkono. "Dada, umegusa. Ni wako." Nikawa mbele 8–7. Akashinda pointi tatu zilizofuata, mbili kwa kunipiga mshazari ule ule nilioupenda, akachukua mechi 10–8. Tulikunywa chai pamoja chini ya mti, akaniuliza nyuzi zangu ni za aina gani.

Usiku baada ya mechi weka miguu juu ya mto, asubuhi yake tembea dakika ishirini hata kama huwezi kushuka ngazi vizuri, na urudie yale ya ngazini kabla ya wiki kwisha. Kisha fungua daftari uandike tarehe ya mashindano yanayofuata.

Katika mzunguko wa kimataifa kundi lako huhesabiwa kwa mwaka wa kuzaliwa, si kwa siku yenyewe. Mimi nilizaliwa Novemba 1972. Kwa hiyo Januari 2027, nikiwa bado na miaka 54, nitaingia kundi la 55, na humo nitakuwa miongoni mwa wadogo. Dada wa Eldoret alizaliwa 1973, nitamtangulia mwaka mzima. Tumekubaliana kukutana kabla ya hapo, Kisumu safari hii, chini ya mita 1,219, na nimemwambia aje Alhamisi.